Shokapu Mbili na Shokapu Moja

Mtu atokaye mjini Dar es Salaam kwa njia ya Bagamoyo hupita Mwenge, kisha Tegeta na Boko, hata akafika Bunju, karibu na mpaka wa Wilaya ya Kinondoni. Barabara kuu ni ya lami, na pikipiki hupita juu yake kama mtumbwi juu ya maji yaliyotulia. Lakini mtu aiachapo lami na kuingia njia za ndani, mambo hubadilika. Wakati wa kiangazi hukuta mchanga na vijituta vilivyopangana kama mbavu. Wakati wa masika hukuta mashimo yaliyofichwa na maji. Hapo ndipo mpandaji ajuapo kama pikipiki yake ina shokapu nzuri au mbaya, maana habari hiyo huipata kwa mgongo wake mwenyewe.

Shokapu ni chombo kilichowekwa kati ya gurudumu na kiunzi cha pikipiki, ambacho mafundi hukiita chesi. Ina sehemu mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni springi, ambayo wazee waliiita kamani. Ni waya mnene wa chuma cha pua uliozungushwa mara nyingi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubanwa, na kiti hakirushwi juu pamoja na gurudumu. Mtaalamu Mwingereza Robert Hooke alieleza tabia ya springi katika mwaka 1678. Alionyesha ya kuwa springi ikibanwa kwa nguvu mara mbili, hufupika mara mbili. Ikibanwa kwa nguvu mara tatu, hufupika mara tatu, maadamu haikupita kiasi chake.

Walakini springi peke yake haitoshi. Ikishabanwa hurudi kwa nguvu, hupita kipimo chake, hurudi tena, na pikipiki hurukaruka kama mpira wa watoto. Kwa hiyo katika shokapu huwamo sehemu ya pili, nayo ni bomba lenye mafuta. Ndani ya bomba mna pistoni yenye matundu madogo. Springi ikitaka kwenda upesi, mafuta hayana budi kupita katika matundu hayo, nayo hupita kwa shida. Hivyo mwendo wa springi hutulizwa. Nguvu ya kurukaruka haipotei bure, bali hugeuka kuwa joto, kama viganja vya mikono vipatavyo joto vikisuguliwa. Mtu akiigusa shokapu baada ya safari ndefu ya njia mbovu, ataona imepata joto.

Pikipiki za kwanza hazikuwa na springi katika gurudumu la nyuma. Gurudumu lilifungwa katika chesi yenyewe, na springi zilikuwa chini ya kiti tu. Katika mwaka 1928 kijana Mwingereza, jina lake Philip Vincent, alianza kuunda pikipiki za namna nyingine. Chuma cha kushika gurudumu la nyuma kilikuwa na umbo la pembetatu. Mbele kilikuwa na egemeo mfano wa bawaba ya mlango, na springi zake ziliwekwa chini ya kiti. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vingi vilipendelea shokapu mbili, moja kila upande wa gurudumu. Mtindo huo ni rahisi kuunda na rahisi kutengeneza, nao ndio uonekanao hata leo katika pikipiki nyingi zichukuazo abiria Tanzania, zitokazo India na China.

Baadaye Mbelgiji mmoja, Lucien Tilkens, alibuni mtindo wa shokapu moja ndefu, iliyolazwa chini ya tangi la petroli. Kiwanda cha Yamaha cha Japani kikaupokea mtindo wake. Katika mwaka 1973 Mswidi Håkan Andersson alipata ubingwa wa dunia wa mashindano ya njia mbovu, kwa pikipiki za injini ya sentimita za ujazo 250, akipanda Yamaha yenye shokapu moja. Tangu hapo viwanda vingine vikafuata. Faida zake zilionekana wazi. Gurudumu liliweza kupanda na kushuka zaidi kuliko zamani. Tena shokapu mbili zikichakaa kwa kiasi mbalimbali, upande mmoja huwa mgumu na wa pili laini, na gurudumu hutaka kupinda. Shokapu moja iliyo katikati haina ugomvi huo.

Lakini liko jambo moja lisilosahauliwa. Vincent na Tilkens walipobadili mahali pa springi, chuma kilichoipokea nguvu yake kilitengenezwa kwa ajili ya kuipokea. Pikipiki iliyoundwa kwa shokapu mbili haikutengenezwa hivyo. Mtu akitaka kuigeuza ichukue shokapu moja, inampasa kujua nguvu iliyokuwa pande mbili itakwenda wapi.

Na msomaji amfikirie kijana mmoja wa Bunju aliyerithi pikipiki kuukuu kwa mjomba wake. Shokapu zake mbili zinavuja mafuta, na kila apitapo shimo, kiti hudunda mara nne au tano kabla ya kutulia. Kijana ameona picha za pikipiki za mashindano, akavutiwa sana na umbo lao. Akanunua shokapu moja iliyokwisha kutumika, akaisokota katika gunia, akaenda nayo kwa fundi mzee mwenye karakana kando ya njia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Nimeleta shokapu. Nataka uzing'oe hizi mbili, unichomelee hii moja katikati. Nadhani kabla ya magharibi itakuwa tayari."

Fundi akaitazama pikipiki, kisha akamtazama kijana. "Kiti cha nyuma hukaa nani?"

"Mama yangu, kila Jumamosi, nimpelekapo sokoni Tegeta na vikapu vyake."

"Basi kazi hii si ya jioni moja. Njoo hapa mlangoni."

Fundi akamwambia aweke kidole kimoja mwisho wa mlango, penye kitasa, asukume. Mlango ukaenda bila taabu. Kisha akamwambia aweke kidole karibu na bawaba, asukume tena. Kijana akasukuma mpaka kidole kikapinda, na mlango haukwenda. Akasukuma kwa kiganja chote. Ukaenda, lakini kwa shida.

"Mlango ni ule ule," fundi akasema, "na uzito wake ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa mkono wako."

Ndivyo ilivyo pikipiki. Gurudumu la nyuma hushikwa na chuma kirefu chenye matawi mawili, ambacho kinaweza kuitwa mkono wa nyuma. Mbele, karibu na injini, mkono huu umefungwa katika chesi kwa bolti kubwa, nayo ndiyo bawaba yake. Nyuma umeshika ekseli ya gurudumu. Shokapu mbili hufungwa mbali na bawaba, karibu na ekseli, mahali palipo mfano wa kitasa. Shokapu moja ya katikati haiwezi kufungwa hapo, maana gurudumu limepachukua. Mara nyingi hufungwa karibu na bawaba.

Fundi akachukua kijiti, akaandika hesabu mchangani. Mkono wa nyuma una urefu wa sentimita 48 toka bawaba hata ekseli. Kijana akiwa amepanda pamoja na mama yake na vikapu, gurudumu la nyuma huchukua uzito wa kilo 180. Shokapu zote mbili zimefungwa sentimita 40 toka bawaba. Basi 180 mara 48, ukigawanya kwa 40, ni 216. Shokapu mbili zinashirikiana kuchukua kilo 216, yaani kila moja kilo 108.

Kisha akaandika hesabu ya pili. Shokapu moja, ikiwa imesimama wima, ifungwe sentimita 16 tu toka bawaba. Basi 180 mara 48, ukigawanya kwa 16, ni 540. Shokapu moja itachukua kilo 540, na mahali pamoja pa chesi patasukumwa kwa nguvu hiyo yote.

"Na bawaba je?" kijana akauliza.

Fundi akafurahi kwa swali hilo. Katika mtindo wa kwanza ardhi husukuma gurudumu juu kwa kilo 180, na shokapu husukuma mkono chini kwa kilo 216. Tofauti yake ni kilo 36, nazo huchukuliwa na bawaba. Katika mtindo wa pili ardhi husukuma kwa kilo zile zile 180, na shokapu husukuma kwa 540. Tofauti ni kilo 360. Bawaba iliyozoea kuchukua kilo 36 itachukua mara kumi yake. Na hiyo ni hesabu ya pikipiki iliyosimama. Ikianguka katika shimo, nguvu huzidi sana.

Kijana akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe mzigo haupungui."

"Haupungui, wala haupotei," fundi akajibu. "Ukiuondoa hapa, hauna budi kwenda mahali pengine. Usipojua ulikokwenda, utajua siku chuma kitakapokatika, na siku hiyo huenda mama yako yuko nyuma yako."

Tena fundi akamweleza habari ya springi. Gurudumu likipanda sentimita 9, shokapu za zamani hubanwa sentimita 7 na nusu. Shokapu ya katikati, iliyo karibu na bawaba, itabanwa sentimita 3 tu. Basi springi hiyo huchukua nguvu mara mbili na nusu ya zile mbili za zamani pamoja, na kufupika mara mbili na nusu pungufu yao. Kwa hiyo ugumu wake hauna budi kuwa 2.5 mara 2.5, yaani mara 6 na robo ya zile mbili zikijumlishwa. Mtu akichukua shokapu mojawapo ya zamani na kuifunga katikati, pikipiki italala chini siku ile ile. Shokapu ifaayo ni ile itokayo katika pikipiki iliyoundwa kwa shokapu moja, yenye uzito na vipimo vinavyokaribiana na hii.

Fundi hakumficha kijana neno la mwisho. Kununua shokapu mbili mpya kungekuwa rahisi zaidi, tena kungetosha kabisa kwa safari za soko. Kijana akafikiri, akasema angali anataka shokapu moja, lakini atafuata kila sharti. Fundi akakubali kwa sharti kubwa moja: mama asipande hata chuma kiwe kimejaribiwa.

Siku ya kwanza hawakukata kitu. Walipima. Waliandika kimo cha kiti toka ardhini, mwinamo wa mkono wa nyuma, na nafasi kati ya tairi na bamba la matope. Walivua tangi la petroli na kuliweka mbali na karakana, wakatoa na betri, maana cheche za kuchomelea na mvuke wa petroli havikai pamoja. Wakaisugua chesi kwa brashi ya waya wakitafuta nyufa. Wakatikisa mkono wa nyuma kulia na kushoto; ulicheza kidogo, dalili ya kuwa bushi za bawaba zimelika. Bushi mpya zikatiwa, kwa kuwa bawaba ndiyo itakayoongezewa kazi.

Siku ya pili walitafuta mahali pa shokapu. Chini, fundi hakuchomelea kipande cha bati juu ya mkono wa nyuma na kukiacha hivyo. Alitia chuma cha kukingama kati ya matawi mawili, kisha akatia vyuma vingine viwili vya mshazari, hata mkono ukawa na pembetatu. Sababu yake ni hii: umbo la pembe nne likisukumwa hulala upande, bali pembetatu haiwezi kulala mpaka chuma kimoja kikunjike au kikatike. Mtoto akitaka kuhakikisha, na afunge vijiti vinne kwa uzi, kisha vijiti vitatu, asukume pembe zake. Wajenzi wa paa la nyumba wanaijua siri hiyo tangu zamani.

Juu, fundi alitia bomba nene la kukingama kati ya mabomba mawili ya chesi yaliyo chini ya kiti, mahali yakutanapo na bomba la mbele. Hivyo nguvu ya shokapu iligawanyika kulia na kushoto, wala haikuangukia bomba moja. Penye kila kiungo akaweka bamba la pembe tatu la kutia nguvu.

Kabla ya kuchomelea kabisa, alishika vyuma kwa vidoa vichache tu vya moto, akatoa springi katika shokapu, akapandisha gurudumu kwa mkono toka chini hata juu. Alitazama mambo manne. Tairi lisiguse bamba la matope wala bomba la moshi. Mnyororo usikaze kupita kiasi, maana huwa mkazo kuliko wakati wote hapo meno ya mbele, bawaba na ekseli vinapokuwa katika mstari mmoja. Fimbo ya breki isivutwe yenyewe gurudumu lipandapo. Na gurudumu lisimame wima, lisielekee upande. Mambo hayo yalipokuwa sawa, ndipo akachomelea, kidogo upande huu na kidogo upande wa pili, ili joto lisizipinde chesi na mabomba yake.

Kazi ilipokwisha, kijana alipanda pikipiki na kukaa kitako. Gurudumu lilikuwa na nafasi ya kupanda sentimita 9. Kwa uzito wake lilitumia kama sentimita 3, yaani theluthi moja. Ndicho kipimo mafundi wakipendacho, kwa kuwa hubaki nafasi ya kupokea shimo, na pia nafasi ya gurudumu kushuka lifuate ardhi. Fundi akakandamiza kiti kwa nguvu, akakiachia. Kilipanda mara moja, kikatulia.

Kijana akashangilia, akataka kwenda kumchukua mama yake. Fundi akatikisa kichwa. Akaleta mfuko wa mchanga wa kilo 60, akaufunga kiti cha nyuma. "Huyu ndiye mama yako kwa muda wa mwezi mmoja," akasema.

Kijana akatembea na mfuko wa mchanga katika njia za ndani za Bunju, na wenzake wa kijiweni wakamcheka. Baada ya siku ya kwanza fundi alikaza bolti zote. Baada ya juma la kwanza hakuona kosa. Katika juma la pili aliosha vyuma, akavifuta, akavitazama kwa taa. Penye ncha ya bamba moja la juu, rangi ilikuwa imepasuka kwa mstari mwembamba kama unywele, na kandokando yake palikuwa na kutu jekundu kidogo.

Kijana hakuuona mstari huo mpaka alipoonyeshwa. Akauliza kama haingefaa kuupaka rangi tu, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Fundi akamjibu kwa methali aijuayo kila mtu: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kila pikipiki ipitapo shimo, ufa huongezeka kidogo. Chuma kilichobaki huwa chembamba, na kwa sababu hiyo huvutwa zaidi, hata siku moja hukatika chote kwa ghafula. Wala rangi haishiki chuma, huficha tu.

Basi wakatafuta sababu kabla ya kutengeneza. Waliona ya kuwa bamba lilikomea katikati ya bomba, na nguvu yote ilikusanyika penye ncha yake. Fundi akalikata, akatwaa bamba jipya lililo refu zaidi, akalizungushia bomba nusu yake, ili nguvu isambae mahali papana. Kisha hesabu ya mwezi ikaanza upya, na mfuko wa mchanga ukarudi kiti cha nyuma. Safari hii kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa akivitazama vyuma kwa taa kila Ijumaa jioni, bila kuambiwa.

Mwezi ulipotimia, wala hapakuonekana ufa, mfuko ulifunguliwa, na mchanga ukamwagwa katika shimo lililokuwa mbele ya karakana. Jumamosi iliyofuata mama alipanda na vikapu vyake kwenda Tegeta. Mama hakujua habari ya kilo 540, wala ya pembetatu, wala ya ufa. Aliona tu ya kuwa mgongo wake haukuuma.

Mtu agusapo chombo kilichoundwa na wengine, yafaa aulize kwanza kila chuma kilikuwa kikichukua nini. Uzuri wa umbo huonekana na wote wapitao njiani. Bali nguvu ya kiungo huonekana na yule tu aliyepima, akajaribu, akatazama tena. Na yeye aketiye kiti cha nyuma hana njia ya kupima. Amemwamini aliyetengeneza.

Maswali

1. Shokapu ina sehemu gani mbili, na kila moja hufanya kazi gani?
2. Kwa nini ni vigumu kusukuma mlango karibu na bawaba?
3. Shokapu moja ikifungwa wima sentimita 24 toka bawaba, badala ya 16, itachukua kilo ngapi? Na bawaba itachukua kilo ngapi?
4. Kwa nini fundi alitumia umbo la pembetatu?
5. Kwa nini fundi hakukubali ufa upakwe rangi?